Tupeane uzoefu: waliowahi kuingia Delta ya Rufiji

Mwalimu_wa_Zamani: Wakuu, leo sokoni nimekuta kaa wa matope wamefungwa magando, nikakumbuka enzi nafundisha kule delta. Mliowahi kufika, iwe kwa kazi, msiba au matembezi, njooni tupeane uzoefu. Mimi sitasahau madungu. Msimu wa mpunga familia nzima inahamia shambani kwenye kibanda juu ya nguzo, mchana watoto wanafukuza ndege, usiku baba anapiga debe nguruwe wasishuke. Nilipakuliwa wali mpya na kamba wa nazi juu ya dungu, mafuriko yanapita chini ya sakafu.

Bint_Kibiti: Wali mpya! Ukipikwa kwa jirani harufu inakufikia.

Pondo: Mimi nilikuwa nafuata kaa vijijini. Siku hiyo tunarudi bandarini Nyamisati jioni, boti imejaa: magunia ya mpunga, matenga yangu, kuku, na mama mjamzito anapelekwa hospitali na mama mkwe wake. Yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua likitoa linatoa kweli. Wazee pwani walimwambia nahodha asubiri, akasema tutawahi. Katikati ya mkondo mashine ikaanza kutema matope, ikazima. Ndani ya muda mfupi boti imelala ubavu, kushoto mikoko, kulia mikoko, giza linaingia. Kijana mmoja akashuka asukume, tope likamfika kiunoni, tukamvuta kwa kamba. Mbu sisemi. Usiku ule kiboko alikuwa akipumua upande wa pili wa mkondo, tunamsikia, hatumwoni. Na yule mama uchungu ukamshika.

Kaskazi: Halafu??

Bint_Kibiti: Pondo usitufanyie hivyo, rudi!

Mtalii_wa_Ndani: Tukimsubiri Pondo, mabaki ya ile meli ya Wajerumani, Königsberg, bado yapo? Nasikia Waingereza waliizamisha humo delta.

Mzee_wa_Mkondo: Sahihisha. Waingereza waliipiga kwa mizinga Julai 1915, lakini nahodha wake ndiye aliyeamuru ilipuliwe. Meli zao za mizinga, Severn na Mersey, ziliweza kuingia kwa sababu hazikuhitaji kina kirefu cha maji.

Mtalii_wa_Ndani: Si kitu kilekile tu mkuu?

Mzee_wa_Mkondo: Si kilekile. Na usiende ukitarajia kuona meli. Vyuma vilikatwa vikauzwa, vilivyobaki vimemezwa na tope.

Kaskazi: Hadithi ya meli baadaye. MAMA YUKO WAPI?

Mjuzi_wa_Miti: Mimi kinachoniuma ni mikoko. Ule ndio msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, watu wanafyeka wapande mpunga. Samaki na kamba watazalia wapi?

Mtoto_wa_Delta: Kaka, maneno hayo unayaandika umeshiba. Mimi nimelelewa kwa mpunga huo. Shamba jipya linatoa vizuri misimu ya mwanzo, baadaye magugu na chumvi vinakufukuza, unatafuta pengine. Hakuna anayefyeka mkandaa kwa raha zake. Tuletee njia nyingine ya kula, tutaupanda huo mkoko kwa mikono yetu. Wengine tumeshapanda.

Mjuzi_wa_Miti: Hilo la chumvi nakubali. Lakini mkikata mikoko ndipo chumvi inapozidi.

Mtoto_wa_Delta: Njoo masika uniambie hivyo nikiwa juu ya dungu.

Pondo: Samahani wakuu, simu ilizima. Mama mkwe wake alikuwa mkunga wa kijiji. Wanaume tuliambiwa tugeuke, tushike khanga kuzuia upepo. Tochi ya simu ndiyo taa. Alijifungulia juu ya magunia ya mpunga kabla maji hayajarudi, mtoto wa kike. Boti ilipoelea alfajiri watu wote tulikuwa tunalia, hata nahodha. Mama na mtoto wazima. Mtoto yuko shule sasa, nikipita kijijini kwao lazima nimpelekee zawadi.

Bint_Kibiti: Alhamdulillah. Nimelia hapa ofisini.

Kaskazi: Nahodha asiyesikiliza wazee asibebe mjamzito. Basi.

Mtalii_wa_Ndani: Nataka kwenda mwezi wa kumi na mbili. Nivae nini?

Mwalimu_wa_Zamani: Usivae mabuti ya mvua, tope litabaki nayo. Peku ndiyo salama.

Mtoto_wa_Delta: Peku aende na chaza wamejaa kwenye mizizi ya mikoko? Watamchana nyayo. Vaa raba nyepesi za kufunga kamba.

Mzee_wa_Mkondo: Ubaki botini tu, wote mtakuwa salama.

Bint_Kibiti: Mbu, choma makumbi ya nazi jioni. Na chandarua chako, usitegemee cha mwenyeji.

Pondo: Panda gari Mbagala, shuka Bungu, ndipo uingie Nyamisati. Ukimaliza delta vuka Mafia, mwezi huo papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni. Kisiwa jirani cha Chole kuna magofu na popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe, kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa kale wa Kua. Ila saa ya boti muulize mvuvi kwanza, maana maji ndiyo yanayoamua.

Mtalii_wa_Ndani: Na nauli ya kuvuka sasa hivi ni bei gani?