Tupeane uzoefu: mdudu au mnyama gani amewahi kukuzuga kwa rangi zake?

Kibarazani: Wakuu, jana paka wetu kamrukia mjusi mdogo wa mistari, mwenye mkia wa buluu iliyokolea. Kaudaka mkia. Ukakatika, ukabaki unarukaruka sakafuni, paka kaukodolea macho, na mjusi huyoo, kaingia kwenye ufa wa ukuta! Nilicheka mpaka basi. Ila nikawaza: mwili wote rangi ya vumbi, kinachowaka ni mkia tu. Kamchagulia adui pa kushika. Mkia utaota mwingine, hata kama hautapendeza kama ule, kichwa je? Haya, leteni yenu.

Mla Pweza: Sisi wa pwani katuzuga kitatange. Yupo yule mweupe na njano, jicho kalifunika kwa mstari mweusi, halafu ana doa jeusi nyuma, juu ya pezi la mgongoni. Utotoni nilikuwa naingia na chusa miambani maji yakitoka. Nalenga mbele kidogo ya "jicho" ili nimkute njiani, kumbe ndiko anakotoka! Babu akinitazama tu, hasemi kitu.

Shamba la Ndimu: Mimi niliona mavi ya ndege kwenye majani ya mndimu. Nikayamwagia maji. Yakatembea 😂 Kumbe viwavi.

Msomaji Tu: Hiyo ni kujificha dada, siyo kuzuga. Mada ni kumpoteza adui maboya.

Shamba la Ndimu: Subiri basi. Wakikua wanageuka kijani. Nilimgusa mmoja, akachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu juu. Nilirudi hatua tatu, mtu mzima mimi. Hapo sikuzugwa?

Msomaji Tu: Umeshinda. Na punda milia je, milia si ya kumchanganya simba?

Kibarazani: Tumekuzwa na hiyo. Lakini mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavisha farasi mashuka ya milia, na pange waliotua juu yake wakawa wachache sana. Inaelekea anayezugwa zaidi ni nzi.

Mla Pweza: Mmesahau panzi wa kijivu. Akiruka, mbawa za ndani nyekundu! Akitua anazikunja, anakuwa udongo. Wewe bado unatafuta nyekundu.

Kibarazani: Huyo kanitesa sana nikichunga mbuzi. Paka naye bado kakaa pale kwenye ufa, tangu jana.