Katuni za zamani zilizopotea, bado kuna matumaini?

Mwana Mikindani: Wakuu, tangu juzi sina raha. Katuni ndefu ya kwanza duniani, El Apóstol ya Quirino Cristiani, ilitoka Argentina 1917. Moto wa 1926 ukaiteketeza. Mtu unachora maelfu ya picha, halafu yanabaki majivu! Mnadhani iko siku itaibuka?

Binti Masasi: Usikate tamaa, kaka. Katuni kadhaa za sungura Oswald wa Disney nazo zilipotea. Moja, Empty Socks, ikapatikana Norway 2014. Sehemu ya nyingine, Neck 'n' Neck, ikapatikana Japani 2018, kwa mzee aliyeinunua ujanani kwa yen 500. Yen 500 tu!

Fundi Lindi: Shida ni mkanda wenyewe wa filamu. Ule wa naitreti, aina ya plastiki ya zamani, unashika moto upesi, na ukizeeka unanata, kisha unakuwa unga. Mimi nilifungua mkebe wa marehemu babu, mkanda wa milimita 16, huo si naitreti. Kutu mfunikoni, ndani harufu kali ya siki, dalili kwamba nao unaoza. Joto letu la pwani halina huruma.

Mwana Mikindani: Ahsante fundi. Ulikuwa na nini ndani? Kama ni katuni, tafadhali usiupitishe kwenye mashine kabla hujautazama kwa mkono, picha moja moja.