MREJESHO: Kufua bila sabuni ya unga

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza nifulie nini badala ya sabuni ya unga, maana ilikuwa inanichubua mikono, na maji ya kufulia huwa namwagilia mchicha.

Maji ya majivu yanatakatisha kweli. Chekecha majivu meupe ya kuni, yaloweke usiku kucha, asubuhi chuja yale maji ya juu kwa kitambaa. Ukiyashika yanateleza kama sabuni. Kola za mashati ya shule, zile zenye weusi sugu, zilitakata. Ila yana ukali, vaeni glavu, na nguo za sufu au hariri msizitie humo, zitaharibika.

Aliyenishauri magadi, ahsante sana. Maji ya kisima chetu ni magumu, sabuni ya mche ilikuwa inaganda tu. Kwa magadi kidogo povu linatoka. Lakini maji hayo sasa hayaendi bustanini, sodiamu inaharibu udongo.

Siki naitia kwenye maji ya kusuuzia tu. Ukiichanganya na magadi vinauana nguvu, na kamwe isikutane na jiki, inatoka gesi ya sumu.

Doa la utomvu wa ndizi bado limegoma. Mwenye dawa yake anisaidie.