Daraja la mtihani linapima uwezo wa mwanafunzi au linapima nini hasa? Tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe
Wakuu, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu hapa Dodoma swali ni moja tu: "Kapata divisheni ngapi?" Walimu, wasahihishaji, mafundi, mnaoajiri vijana, mwageni mnachokijua kuhusu kipimo chenyewe. Zile za "mimi nilipata ziro na leo nina lori" tuziweke kando leo.

Jedwali
Nianze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuipiga. Kidato cha nne A ni 75 kwenda juu, B 65–74, C 45–64, D 30–44, chini ya hapo F. A ni pointi 1, B 2, hivyo hivyo mpaka F yenye 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7–17 daraja la kwanza, 18–21 la pili, 22–25 la tatu, 26–33 la nne.

Sasa chukua wanafunzi wawili. Mmoja kapata 64 kwenye masomo yote saba: C saba, pointi 21, daraja la pili. Mwenzake kapata 65 kwenye manne na 45 kwenye matatu: B nne, C tatu, pointi 17, daraja la kwanza. Jumlisha alama zenyewe. Wa kwanza ana 448, wa pili 395. Aliyeachwa kwa alama 53 ndiye anayepigiwa vigelegele.

Ukingo wa C ni mkali kuliko huo. Mwenye 45 mara saba yuko daraja la pili. Mwenye 44 mara saba ana D saba, pointi 28, daraja la nne! Daraja la tatu limerukwa kwa alama moja moja, na D si krediti, kwa hiyo kidato cha tano asahau.

Najua mifano hii nimeivuta mpaka ncha, watoto wengi alama zao huchanganyika. Ila matokeo yanayotangazwa hayaonyeshi alama ghafi, kwa hiyo mzazi hajui C ya mwanaye ni ya 45 au ya 64. Mwenye fununu ni mwalimu wa somo, aliyemwona kwenye mitihani ya ndani na moko, ule mtihani wa majaribio. Mfuateni huyo kabla hamjamchagulia mtoto mchepuo.

Mzee wa Kumbukumbu
Ongeza hili. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalifutwa 2013 yakapangwa upya. Ya 2014 yakatoka kwa GPA, yaani wastani wa pointi, ya 2015 tukarudi kwenye divisheni. Karatasi za 2012 ni zile zile, madaraja yakawa mengine.

Kalamu Nyekundu
Jedwali, hesabu yako sawa, lakini msiutupe mtihani. Karatasi ina namba, haina jina. Msahihishaji anabaki na swali lake, kwa mwongozo mmoja, awe mtoto wa Chemba au wa Area C. Weka usaili wa mdomo badala yake uone "huyu mtoto wa nani?" itakavyoanza.

Kinachovuruga kipimo ni lugha. Wengi wamesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza Kiingereza. Kwenye Biolojia swali linadai 'explain' (eleza), yeye anajibu kama ameambiwa 'mention' (taja): hoja tano zimepangwa vizuri, maelezo hakuna, anaambulia sehemu tu ya alama. Kumpima ni dakika tano. Muulize swali lile lile kwa Kiswahili, kwa mdomo. Akilieleza, ugonjwa ni lugha. Akikwama hata hapo, ni Biolojia.

Bureti
Kemia kwa vitendo ndiko dhuluma ilipo. Mtoto anajua hesabu ya moli vizuri sana, lakini bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea asidi kwenye besi, ameishika wiki ya mtihani. Anaacha faneli juu, tone linadondoka katikati ya kazi, kipimo kinavurugika. Anaacha povu la hewa kwenye ncha ya chini. Likitoka, bureti inasoma kama ametumia asidi nyingi kuliko kweli. Anasuuza chupa ya koniko kwa besi badala ya maji safi, anakuwa ameongeza besi ambayo pipeti, mrija wa kupimia besi, haikuipima. Mwisho anaandika 24.60, 25.90, 23.80, wakati vipimo vya asidi iliyotumika vinatakiwa vipishane kwa 0.20 hivi, visizidi.

Na shule nayo huchangia. Visima vingi vya huku kwetu maji yake yana chumvi na magadi. Ukiandaa mmumunyo kwa maji hayo, magadi yanakula asidi, majibu yanahama kwa darasa zima. Tumieni maji yaliyotoneshwa. Kemikali zikiwa haba, mazoezi ya kusoma bureti yafanyeni kwa maji matupu, raundi tatu kwa siku kwa wiki moja, jicho lilingane na sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa maji.

Fundi Laini
Huku site cheti nakiangalia, halafu nampa kijana ubao, swichi mbili za tuwei (za kuwasha na kuzima taa moja kutoka sehemu mbili), holda na waya wa 1.5. Dakika 45. Kosa la kwanza: waya wa moto anauingiza kwenye L1 badala ya komoni, ile tundu ya pamoja ya swichi, taa inawaka kwa mikao fulani tu. Hilo linarekebishika. La hatari ni kupitisha nyutro kwenye swichi. Taa inazima vizuri kabisa, ila ukigusa holda kwa tesita, inawaka. Mteja akibadilisha balbu anapigwa shoti.

Chaki Nyeupe
Fundi, unampa na mchoro?

Fundi Laini
Bila mchoro kwanza. Akikwama dakika kumi namkabidhi, nakaa pembeni kuona anaanzia waya upi.