Familia ya Chumbageni

Rehema (Hamburg): Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. [picha 3] Huyo ni Bruno, mbwa wangu. Miti ya mtaani imepukutisha, akiona rundo la majani anajitupa humo hadi unabaki mkia tu.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mbona umejifunika hivyo?

Rehema: Leo nyuzi 6, Bibi. Lakini majira haya nayapenda kuliko yote. Wakati wa joto lami inamuunguza nyayo, inabidi tutoke alfajiri. Sasa tunatembea hata mchana, hahemi. Ardhi ina unyevu, harufu zimejaa, kila mti lazima asimame aunuse.

Mjomba Salimu: Majani mazuri, ila angalia anachookota humo chini.

Rehema: Hapo ndipo penyewe, Mjomba. Mialoni inadondosha mbegu sasa hivi, zina tanini. Mbwa akila nyingi anatapika, anaharisha, hata figo zinaweza kuharibika. Na uyoga ndio wakati wake. Nimemfundisha: nikisema "acha", akiacha anapata kipande cha nyama. Halafu giza! Tangu saa zirudishwe nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Nimemvalisha mkanda unaong'aa ukimulikwa na taa za magari.

Fadhili: Da Rehema, huku Tanga mvua za vuli zimeingia, juzi imenyesha usiku kucha. Mbwa wangu Popi kachangamka! Asubuhi tunashuka ufukweni Raskazone kabla jua halijawa kali, maji yakikupwa anafukuzana na kaa.

Ma'mdogo Zuhura: Ndiyo maana anarudi na matope mpaka masikioni.

Fadhili: Namwogesha nje bombani kabla hajaingia uani, Ma'mdogo.

Ma'mdogo Zuhura: Vizuri mwanangu. Na pale msikitini alfajiri mshike kamba fupi, watu wana udhu, asije akawagusa na mate.

Fadhili: Nazunguka njia ya nyuma kabisa.

Mjomba Salimu: Fadhili, maembe hayo yanaanza kuiva. Kokwa asimeze! Mbwa wa jirani yangu ilimkwama kwenye utumbo, akapasuliwa. Na mvua hizi kupe wanazidi. Mkague kila mkirudi: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa je?

Fadhili: Tayari, Mjomba. Alichanjwa tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi ninayo.

Mjomba Salimu: Hongera. Mwakani usisahau.

Rehema: Kupe hata huku bado wapo, mpaka baridi yenyewe ikaze.

Bibi: Eti huko mbwa analipiwa kodi?

Rehema: Kweli Bibi, kila mwaka, na lazima aandikishwe.

Bibi: Makubwa! Basi nitumie video akiruka kwenye hayo majani, nimuone vizuri.

Fadhili: Kesho Jumamosi maji yanakupwa mapema. Nani anakuja Raskazone?

Ma'mdogo Zuhura: Mchukue Asha. Avae viatu, matope yale yana makome.

Fadhili: Sawa. Saa kumi na mbili kasoro niko mlangoni.