Mjadala: Fidia ambayo haijalipwa, yafaa kuhesabiwa kana kwamba imelipwa?

Mwanzilishi wa mada, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Juzi barazani, baada ya sala ya alasiri, lilizuka swali ambalo naona halifai kuishia pale: je, ni haki Serikali kuamua mradi mkubwa kwa kupima gharama na faida zake tu? Kijana aliyesomea uchumi alisema kwamba hesabu ndiyo kinga yetu dhidi ya miradi inayojengwa kwa ajili ya kura. Mzee mmoja, mvuvi tangu utotoni, akamjibu kwamba yeye hajapata kuiona hesabu hiyo ikimtia ndani.

Kwa asiyeijua, hesabu yenyewe ni hii. Shilingi ya leo na shilingi ya miaka kumi ijayo hazilingani, kwa kuwa ya leo yaweza kutiwa kazini ikazaa. Basi kila faida na kila gharama ya miaka ya mbele hupunguzwa kwa kiwango fulani cha mwaka hadi zote ziwe katika thamani ya sasa, ndipo zijumlishwe. Faida zikizidi, mradi hupita. Utata umo katika kiwango hicho. Chukua hasara ya shilingi milioni 100 itakayotufika baada ya miaka 50, tuseme mazalio ya samaki yaliyokufa pamoja na mikoko. Ukipunguza kwa asilimia 10, hasara hiyo leo ina uzito wa shilingi 852,000 hivi. Ukipunguza kwa asilimia 3.5, inakaribia milioni 18. Uingereza hutumia hiyo 3.5 kwa miradi ya umma, na hukishusha kiwango baada ya mwaka wa 30 ili wajao wasifutike kabisa. Mtaalamu wa huko, Frank Ramsey, aliandika mwaka 1928 kwamba kuyapunja mambo mema ya wajao kwa sababu tu yako mbali hakuna utetezi wa kimaadili. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 201, inataka mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya mikopo ya umma yagawanywe kwa usawa baina ya kizazi hiki na vijavyo, nami sioni namna ya kuipatanisha ibara hiyo na hesabu inayougeuza mzigo wa milioni 100 wa mjukuu wangu kuwa laki nane na nusu.

Hata hivyo, linaloniuma zaidi liko karibu zaidi. Kanuni wanayoifuata wengi, iliyojengwa na Nicholas Kaldor na John Hicks mwaka 1939, inauliza kama watakaofaidika wangeweza kuwafidia watakaoumia na bado wakabaki na kitu. Wangeweza, basi, haiulizi kama wamewafidia.

Ami yangu hutega madema, mitego ya kusukwa ya kuvulia samaki, katika hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hutazama ncha ya mkoko mmoja mrefu mpaka ikae sawasawa na mnara wa msikiti, ndipo aliachie dema lizame, na mahali hapo alionyeshwa na babake. Kusi likivuma, mashua yake haiwezi kuvuka miamba kwenda bahari kuu, kwa hiyo maji ya ndani ndiyo shamba lake. Hesabu hujua bei ya kilo ya samaki aina ya changu sokoni, lakini kupajua mahali hapo haikuti bei yake popote, wala kupajua huko hakuhamishiki.

Bandari ya Lamu ilizinduliwa Machi 2012, na wananchi wakaenda mahakamani mwaka huohuo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita ilipita kabla ya hukumu tu, na hukumu si malipo. Kwa asilimia 10, shilingi 100 inayochelewa miaka sita imebaki na thamani ya 56. Hesabu ileile inayoupitisha mradi ndiyo inayoonyesha jinsi mvuvi anavyoliwa na ucheleweshaji.

Mchangiaji, Malindi

Wa alaikumu salaam, Maalim. Mimi ni mhasibu, na kuhusu fidia sina ubishi nawe. Kuhusu kiwango, nakuomba utahadhari. Bandari hiyo ilipangiwa magati 32, na la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Gharama zake zimetangulia. Mapato makubwa, yakija, yatakuja baada ya miongo. Ukishusha kiwango, mapato hayo ya mbali nayo yatavimba pamoja na mikoko yako, na miradi mingi mikubwa ambayo leo inashindwa itapita. Tena asilimia 10 haikutungwa kwa ukatili. Serikali hukopa kwa riba, na shilingi iliyozama gatini haitachimba kisima Magarini, ambako kuna kina mama wanaotembea saa nzima kwa mtungi mmoja.

Mwanzilishi wa mada

Umenisahihisha, nami nakubali: kiwango cha chini si rafiki wa mvuvi peke yake. Basi kitangazwe kabla ya mradi kuchaguliwa, kiwe kimoja kwa bandari na kwa kisima, na atakayekigeuza atoe sababu hadharani. Wenyeji nao waitwe mapema, kwa kuwa wao ndio waijuao orodha ya gharama. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa hapa Lamu, wa megawati 1,050, ilibatilishwa Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kuhusu fidia silegezi. Ikiwa imeandikwa katika hesabu, fedha ziwe zimewafikia wenyewe kabla mashine ya kuchimba bahari haijaingia. Zikichelewa, ziongezwe kwa kiwango kilekile kilichotumiwa kuupitisha mradi: anayepunguza kwa asilimia 10 na amlipe mvuvi aliyengoja miaka sita shilingi 177 kwa kila 100. Je, ndugu mhasibu, iko kanuni inayokataza hilo?

Mchangiaji, Malindi

Ya hesabu haiko. Swali langu ni la orodha. Ami yako ana mashua, na mwenye chombo hupatikana kwa urahisi. Mama anayemngoja ufukweni, akanunua vichane viwili vya samaki akawakaanga na kuwauza jioni mlangoni pake, hana chombo wala karatasi yoyote. Hasara yake ni ileile. Utamwandika kwa ushahidi gani?