Nimetoka kilo 58 hadi 79 tangu nihamie mjini, na mama hataki nipungue

Binti Kondoa: Habari zenu ndugu zangu. Nilihamia Dar es Salaam kutoka Kondoa miaka sita iliyopita nikiwa na kilo 58, na wiki iliyopita mizani ya zahanati imesoma 79, ilhali urefu wangu ni sentimita 158. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye bado analima huko nyumbani, hajafika kilo 60 ingawa tonge lake la ugali ni kubwa kuliko langu. Mimi nakaa kwenye daladala, nakaa dukani hadi jioni, kisha nanunua chipsi mayai kwa kuwa sina nguvu ya kuwasha mkaa usiku. Lakini linalonisumbua zaidi ni mama: nilipokwenda kula naye Idi alifurahi kwamba nimenawiri, na nilipotaja kupungua alinikataza, akihofu kwamba majirani watadhani naumwa au ndoa imenishinda. Nifanyeje?

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, kilo 79 ukizigawanya kwa urefu wako wa mita, yaani 1.58 mara 1.58, unapata takribani 31.6, na kuanzia 30 tunaita kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi. Si wewe peke yako, kwani utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 42 mijini na 21 vijijini. Mdogo wako analima, anachota maji na kubeba kuni. Ugali wake unaishia shambani. Kabla ya lolote, kapime shinikizo la damu na sukari.

Mpishi wa Temeke: Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, na chipsi zile huzamishwa humo, kisha mayai yakamwagiwa mafuta mengine. Chemsha maharage ya siku tatu Jumapili, uwe unapasha tu. Chai nayo, unatia vijiko vingapi vya sukari?

Msomaji: Tusikisifu kijiji kupita kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi za dunia uzito unapanda kwa kasi zaidi vijijini kuliko mijini; wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa wachache ambao hali yao bado ni tofauti. Bodaboda na soda zimeshafika Kondoa pia.

Bibi Mwajuma: Usimlaumu mama. Sisi tuliouguza watu wa ukimwi miaka ya tisini, mtu akikonda tulijua tunakwenda kuzika. Usimwambie habari ya kupungua. Mwambie daktari anataka presha yako ishuke, na umwombe naye akapimwe.

Binti Kondoa: Shikamoo bibi, na ahsanteni nyote. Vijiko ni vitatu, kwa vikombe vitatu kwa siku. Leo nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu, na viatu vya dukani vimenichubua kisigino. Mama nitampigia Ijumaa, nianze na presha.